Wasifu wa Babu niliousoma makaburini ulikuwa na mistari kumi na miwili. Naomba niuandike upya

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, wakubwa zangu shikamooni, na walio rika langu nawasalimu kwa heshima.

Mwezi wa nne mwaka huu tulimzika Babu yangu mzaa baba katika kijiji chetu, si mbali na Makambako, mkoani Njombe. Kwa kuwa mimi ni mwalimu, usiku wa kuamkia mazishi wazee waliniita pembeni ya moto, wakanikabidhi daftari na kalamu, wakasema, "Wewe ndiye mwenye mwandiko, tuandikie wasifu wa marehemu." Niliandika kwa mwanga wa simu huku macho yamevimba, na kesho yake nikausoma mbele ya jeneza. Aliyewahi kufiwa anajua jinsi maandishi hayo yalivyo: marehemu alizaliwa mwaka 1951, akasoma hadi darasa la nne, akaajiriwa katika reli ya TAZARA, akastaafu mwaka 2006, ameacha mjane, watoto saba, wajukuu ishirini na mmoja na vitukuu watatu, aliugua kwa muda mfupi, Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Watu wakaitikia amina, jeneza likashushwa.

Tangu siku hiyo sina raha na mstari wa tatu. "Akaajiriwa katika reli ya TAZARA" ni maneno ya kweli, lakini miaka thelathini na mitano ya mtu nimeifungia katika maneno matano, kana kwamba alikwenda mahali, akakaa, akarudi. Familia imepanga kujengea kaburi mwezi Agosti, na wazee wameniruhusu nisome wasifu mwingine siku hiyo. Ndiyo sababu ya uzi huu. Nitaandika ninayoyakumbuka, na ninajua humu wapo waliokulia kando ya reli ile. Nitakapokosea nawaomba mnisahihishe bila kuniona mdogo.

Nianze na huo mwaka wa kuzaliwa, kwa sababu nao si wake hasa. Babu hakuijua tarehe yake. Mwaka 1951 ulikadiriwa na karani siku alipoandikishwa kazi, baada ya kumuuliza alikuwa na ukubwa gani Uhuru ulipokuja. Babu akamjibu kwamba alikuwa tayari anachunga mbuzi peke yake bila kaka, na karani akapiga hesabu akaandika. Babu aliupenda mwaka huo aliopewa. Alisema mtu aliyepewa mwaka na serikali hana budi kuutumia vizuri.

Baba yake Babu alikuwa manamba. Kwa vijana wasiolijua neno hilo, manamba walikuwa vibarua waliochukuliwa kwa mkataba kutoka nyanda za juu kusini na mikoa mingine ya mbali, kwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro, na jina hilo lilitokana na namba aliyopewa kila mmoja wao alipoandikishwa. Babu alisimulia kwamba baba yake alirudi na blanketi, sufuria mbili na kikohozi ambacho hakikupona. Kwa hiyo mwaka 1971, habari zilipofika kijijini kwamba wanatafutwa vijana wenye nguvu wa kujenga reli, mama yake alilia siku nzima akidhani ni manamba wamerudi kwa njia nyingine. Babu akaondoka alfajiri bila kuaga. Alikuja kutubu kwa mama yake miezi minane baadaye, akiwa na khanga mbili na mshahara mfukoni, na jambo la kwanza alilomwambia ni hili: "Mama, wameniandika kwa jina."

Mnaijua historia ya reli yenyewe, nami nitaipitia upesi. Wazungu wachache wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao tarehe 11 Novemba 1965, Zambia, ambayo shaba yake ilipita kusini ili ifike baharini, ilijikuta mlango wake umeshikwa na mtu mwingine. Mwalimu Nyerere na Rais Kaunda walitafuta mkopo wa kujenga reli ya kwenda Dar es Salaam. Benki ya Dunia na mataifa ya Magharibi wakasema reli hiyo haitalipa. China ikakubali, na mkataba ukatiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza Oktoba 1970. Urefu wote hadi Kapiri Mposhi ni kilometa 1,860. Kipande cha kutoka Dar es Salaam hadi Mlimba, kilometa 502, kilikamilika Novemba 1971, na watu wakafurahi wakidhani kazi ndiyo imekwisha nusu.

Babu alicheka kila alipofika hapo. Kwa maana Mlimba ipo bondeni, katika joto la Kilombero, na Makambako ipo juu, kwenye baridi yetu ya ukungu, na kati yake kuna kilometa 157 ambamo reli lazima ipande zaidi ya mita elfu moja kwa mteremko ambao treni nzito inauweza. Hakuna mahali pa kupita ila kuchonga ubavu wa mlima, kuvuka korongo, kuingia ndani ya mwamba na kutokea upande wa pili. Mahandaki mengi ya reli nzima yamo humo. Nguzo tatu za daraja la mto Mpanga zina urefu wa karibu mita hamsini. Vijana waliotoka vijijini kwetu, ambao wengi wao hawakuwa wamewahi kuona jengo la ghorofa, ndio waliosimama juu ya nguzo hizo.

Mtaalamu wa Kichina aliyemsimamia Babu alijua maneno machache ya Kiswahili, na Babu hakujua Kichina hata kidogo, kwa hiyo kazi ilifundishwa kwa mikono. Mchina anakaza nati, anailegeza, anampa kijana spana, anasogea kando na kutazama. Kijana akikosea, hasemi kitu. Anailegeza tena na kumrudishia spana. Kilichomshangaza Babu, ambaye alikulia katika masimulizi ya mkonge na wanyapara wake, ni kwamba bwana huyu alishika sururu, akabeba mawe, akalala katika banda kama lao, na jioni akamwagilia bustani ya mboga nyuma ya kambi. Mpaka uzeeni Babu alikuwa na tuta la mchicha na kabichi mlango wa nyuma, na ukimsifia alisema amefundishwa na fundi wake.

Ndani ya mahandaki walifanya kazi kwa zamu, usiku na mchana. Baruti ikilipuliwa, walisubiri vumbi litue, kisha kikaingia kikundi kidogo chenye mitaimbo kuangusha mawe yaliyolegea juu ya paa, na ndipo wabeba vifusi walipofuata. Babu alikuwa katika kikundi cha mitaimbo. Zaidi ya hapo sijui, kwa sababu masimulizi yake yalikatika palepale kila mara. Alikuwa mtu wa maneno mengi, anayeweza kukusimulia ladha ya wali aliokula kambini mwaka 1972, lakini ukimuuliza juu ya handaki alikuambia, "Tulichimba, tukatokea upande wa pili," na akaomba aletewe maji ya kunywa.

Naishia hapa kwa leo, nitaendelea kesho jioni nikimaliza kusahihisha madaftari ya wanafunzi.

Mleta uzi

Naendelea, na ninawashukuru wote mliotoa pole.

Reli ilipokabidhiwa rasmi kwa serikali mbili, tarehe 14 Julai 1976, Babu hakuwa katika sherehe yoyote. Alikuwa ameshabakizwa kazini, katika gengi, yaani kikosi cha watu wanaotunza kipande chao cha njia, kati ya Mlimba na Makambako. Wengi wa wenzake walilipwa wakarudi makwao au wakafuata kazi nyingine mijini. Yeye alibaki katika kipande kilekile alichokichimba, na huko ndiko alikotumia maisha yake hadi kustaafu, isipokuwa miaka michache aliyopelekwa upande wa Mbeya.

Nataka niieleze kazi ya gengi kwa kituo, kwa sababu hiyo ndiyo niliyoiruka makaburini. Reli mnayoiona imetulia chini haijatulia. Jua likiwaka chuma hutanuka, baridi ikiingia hujikunja, na ndiyo maana vipande huachiwa nafasi ndogo kwenye viungo vyake. Kila treni inapopita, mataruma, yaani mihimili inayolala chini ya reli, husukuma kokoto pembeni na kushuka chini kwa kiasi ambacho jicho lako na langu haliwezi kukiona. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa kidogo kuliko ya ndani ili behewa lisitupwe nje, na unyanyuko huo ukipotea upande mmoja, behewa huyumba. Watu wa gengi hushindilia kokoto upya, hukaza nati, hunyoosha njia kwa mitaimbo, hufyeka majani, na zaidi ya yote huzibua mitaro. Babu alisema adui wa reli ni maji. Treni ni mgeni tu anayepita.

Kila asubuhi, kabla jua halijachomoza juu ya mlima, mtu mmoja wa gengi hutembea kwa miguu kipande chote akikikagua, akiwa na spana ndefu, nyundo na bendera. Kwa miaka mingi mtu huyo alikuwa Babu. Hakuiita ukaguzi. Alisema, "Naenda kuiamkia njia," kama mtoto anavyokwenda kumwamkia mzazi. Bibi ananiambia kwamba alikuwa akilitamka hilo kwa uzito kabisa, akiwa amevaa kofia yake, na hakupenda mtu amwulize jambo lingine kabla hajarudi. Aligonga nati kwa nyundo na kusikiliza: iliyokaza hulia, iliyolegea hutoa sauti nzito kama ya chungu chenye ufa. Mimi nikiwa mtoto alinichukua mara chache, akanifunga kitambaa chekundu kichwani ili nionekane, na akanifundisha kusikiliza. "Mke wangu," aliniambia, kwa utani wa babu na mjukuu, "usiniambie umeona. Niambie umesikia nini."

Likizo ya Pasaka ya mwaka 2006 nilikuwa darasa la pili, na ilikuwa masika yake ya mwisho kazini. Mvua ilinyesha siku tatu bila kukatika. Usiku wa tatu Babu aliamka, akasikiliza nje, akasema mto mdogo uliopita nyuma ya nyumba za reli umenyamaza, na mto uliokuwa ukinguruma haunyamazi bure. Akawagongea wenzake milango. Waliondoka watu watano na taa, majembe na sururu. Nilikaa dirishani na Bibi hadi kulipokucha. Walirudi wamejaa tope hadi kwenye nyusi, wakanywa chai ya tangawizi wamesimama, na nilipouliza kumetokea nini, Babu akasema, "Hakuna." Udongo ulikuwa umeporomoka ukaziba kalvati, maji yakaanza kujaa upande wa juu wa tuta la reli, wakazibua, maji yakapita. Saa nne asubuhi treni ya abiria ikapita kwa mwendo wa taratibu. Abiria walikuwa wakila mahindi ya kuchoma, na mtoto mmoja akanipungia mkono.

Ndugu zangu, hapo ndipo shida yangu ya uandishi ilipo. Wasifu wa marehemu hutaka matukio: alijenga, alichaguliwa, alianzisha, alipata tuzo. Kazi ya Babu, ikifanywa vizuri, matokeo yake ni kwamba hakuna kilichotokea. Treni haikuanguka, mtoto hakuumia, hakuna aliyeitwa kutoka Dar es Salaam kuja kuchunguza, hakuna gazeti lililoandika. Nimejaribu kuhesabu asubuhi zake kwa miaka ile yote nikapata maelfu, na kila moja inaishia na neno hilohilo alilonijibu akiwa na kikombe mkononi. Mtu wa namna hiyo unamwandikaje?

Alipostaafu walihamia kijijini karibu na Makambako, naye akaanza kulima viazi mviringo na mahindi, na kugema ulanzi, ile pombe ya mwanzi, katika kishamba cha mianzi alichoachiwa na baba yake. Wanaotoka Iringa na Njombe wanajua kwamba mwanzi hautaki mtu mvivu: msimu wa mvua ukifika, ncha lazima ichongwe upya asubuhi na jioni, la sivyo utomvu hukauka. Bibi alisema mume wake amepata reli nyingine. Alikunywa kikombe kimoja jioni na kugawa kilichobaki, na kila mpita njia aliyesema "Kamwene" langoni aliitwa ndani.

Jambo la mwisho kwa leo. Mwaka 2014, nikiwa kidato cha tatu, tulisafiri pamoja kwa treni kutoka Makambako kwenda Mlimba kuhudhuria harusi ya ndugu yake Bibi. Njia nzima Babu alikuwa kama mwalimu aliyerudi shuleni kwake: hapa paliwahi kuporomoka, kona hii ni kali, sikiliza viungo hivi vinavyosema ta-ta, ta-ta, mtu ametunza hapa. Kisha tulipotoka katika handaki fulani, akasimama ghafla katikati ya behewa, akavua kofia na kuishika kifuani mpaka daraja lililofuata. Nilimuuliza kuna nini. Akasema, "Tumetokea upande wa pili." Hakuongeza neno, nami nikaona haya kumuuliza tena.

Mchangiaji, mzaliwa wa Mlimba

Pole sana dada yangu, na ahsante kwa kutuandikia. Marehemu mama yangu alitulea watoto watano kwa biashara ya Kipisi, ile treni fupi iliyosimama katika kila stesheni ndogo ya kwetu. Alipanda na ndizi na mchele, akateremka na viazi, maharage na kabichi kutoka kwenu baridini. Katika stesheni nyingine treni ilisimama dakika chache tu, na akina mama waliokuwa wamebeba mikungu walikuwa hawana muda wa kupanda ngazi, basi watu wa gengi waliacha majembe wakaja kuwasukumia mizigo dirishani. Sitadai kwamba Babu yako alikuwa mmoja wao, maana sikuwajua kwa majina. Lakini nakumbuka mama akituambia kwamba mizigo yake haikuwahi kubaki chini, na nimeona ni vyema nawe ulijue hilo kabla ya Agosti.

Mchangiaji mwingine

Natoa pole kwa familia, na naomba nisieleweke vibaya, kwa kuwa uzi huu ni wa maombolezo. Naona hata hivyo kwamba tukiisimulia reli ile tunasimulia upande wa wajenzi peke yake. Mwaka 1974, wakati wa Operesheni Vijiji, bibi na babu yangu walitolewa katika mashamba yao ya mtoni wakapelekwa kukaa kwenye kijiji kipya kando ya reli. Wakaacha miembe, makaburi na mabwawa ya samaki. Walikuwa wakiambiwa kwamba wanasogezewa maendeleo na kwamba watailinda reli. Bibi yangu alikufa akiiita reli ile "mgeni aliyetufukuza nyumbani." Nimeona niliseme kwa heshima, kwa sababu nao hakuna aliyewaandika.

Mleta uzi

Dada wa Mlimba, nimemsomea Bibi ujumbe wako, naye ameomba nikuambie kwamba mikungu ile ilikuwa mizito.

Ndugu uliyeandika juu ya Operesheni Vijiji, hujakosea mahali, na wala sijakuelewa vibaya. Naomba nikueleze jambo ambalo huenda ningepaswa kulianza nalo. Bibi yangu ni mmoja wa hao waliohamishwa. Kwao ni bondeni, na familia yao iliteremshwa kwenye malori pamoja na kuku na vyungu, katika kijiji kipya ambacho hakikuwa na nyumba hata moja iliyoezekwa. Kambi ya ujenzi ilikuwa karibu. Babu, ambaye alikuwa kijana wa miaka ishirini na mitatu hivi, alikuja Jumapili na wenzake kuwasaidia wazee kusimamisha nguzo za nyumba, na ndivyo alivyomwona. Walioana mwaka uliofuata. Mpaka leo Bibi akikumbuka miembe ya baba yake hulia, na katika miaka yote hamsini ya ndoa Babu hakuwahi kumwambia anyamaze, wala hakuitetea reli mbele yake. Alikuwa akikaa naye kimya mpaka amalize. Nimejifunza kwa wawili hao kwamba nyumba moja inaweza kubeba yote mawili, na katika wasifu mpya nitaiweka miembe, kwa ruhusa ya Bibi, ambayo ameshanipa.

Babu aliniambia pia jinsi mwezi Oktoba 1979, majeshi ya Rhodesia yalipolipua daraja la reli mto Chambeshi upande wa Zambia, watu wa gengi walivyokaa usiku wakilinda madaraja yao huku kwetu, wengine wakiwa na marungu tu. Wanakijiji waliohamishwa ndio waliowaletea chakula. Sijui niseme nini juu ya hilo zaidi ya kwamba lilitokea, na kwamba waliofukuzwa na mgeni ndio waliomlisha mlinzi wake.

Mchangiaji, Dar es Salaam

Poleni sana. Mimi ninaishi karibu na Gongo la Mboto, yalipo makaburi ya wataalamu wa Kichina, wakiwamo waliofariki wakati wa kazi ile. Wamelala pale zaidi ya sitini, na kila mmoja ana jiwe lenye jina lake. Kila mwaka mwezi wa nne huja wageni na mashada ya maua. Niliposoma habari ya kofia niliinuka nikatembea kidogo. Mwalimu, tafuta mtu aliyefanya kazi na Babu yako katika miaka ile ya mwanzo. Nadhani kuna jibu.

Mleta uzi

Ndugu wa Dar es Salaam, nilikutii. Naandika haya nikiwa bado kijijini. Kaburi tumelijengea juzi Jumamosi.

Bibi alikumbuka kwamba yupo mzee mmoja, mwenzake Babu tangu kambini, ambaye bado yuko hai upande wa Uchindile na hakuja mazishini kwa sababu hakupata taarifa kwa wakati. Tulimtumia nauli. Alifika Ijumaa jioni akiwa na mjukuu wake aliyemshika mkono, kwa maana macho yake yamefifia. Baada ya chakula nilimsomea rasimu yangu nzima, kurasa nne, naye akasikiliza kwa kuinamisha kichwa, kama mtu anayesikiliza nati. Alinisahihisha mambo matatu. Fundi wa Kichina hakulima kabichi. Zilikuwa figili na vitunguu vya majani, kabichi aliiongeza Babu mwenyewe. Usiku ule wa masika ya 2006 walikuwa sita, si watano, kwa kuwa hata yeye alikuwamo. Na mwanzoni, alisema, kwenda kuiamkia njia hakukuwa maneno ya Babu.

Yalikuwa maneno ya kijana mwingine wa kikundi cha mitaimbo, aliyelala kitanda cha jirani na Babu, kijana wa umri wao, mcheshi, aliyetoka kijiji cha upande wa pili wa mlima wetu. Kila zamu ya alfajiri ilipoanza, alikuwa wa kwanza kuingia handakini, na mlangoni aliugonga mwamba mara mbili kwa mtaimbo na kusema shikamoo, kisha akawaambia wenzake tayari ameshamwamkia mzee, waingie. Asubuhi moja ya mwaka 1972 aliugonga, akasalimu, akaingia, na jiwe likaachia kutoka juu kabla wa pili hajafika. Wa pili alikuwa Babu. Walimzika jioni ileile kando ya njia, karibu na daraja linalofuata, wakapanga mawe juu yake. Mvua za miaka ya baadaye ziliyahamisha mawe hayo. Gengi likapangiwa kipande kile, na Babu, alipoulizwa na mkubwa wake nani atatembea asubuhi, akainua mkono.

Mzee alisema hayo bila kutikisika sauti, kisha akaomba maji ya kunywa.

Nilikaa na kurasa zangu hadi usiku wa manane. Siku ya Jumamosi nilisoma wasifu mpya mbele ya kaburi lililosakafiwa, watu wakiwa wamesimama katika ukungu, na nilisoma taratibu. Nilisoma habari za manamba na khanga mbili, miembe ya bondeni, mikungu ya ndizi dirishani, kalvati na taa. Nilipofika mstari wa tatu Bibi alinishika mkono. Mstari huo sasa unaanza na jina la yule kijana, pamoja na jina la kijiji chake, na baada yake ndipo linapokuja jina la Babu. Hapa sitaliandika, kwa sababu ndugu zake hawajaulizwa. Baba yangu mdogo amekwenda leo asubuhi upande wa pili wa mlima kuwatafuta.